Mita ya Mwadhini

Baiskeli yake ilikuwa na kengele ya nikeli inayong'ara, na sikupata kuisikia ikilia hata siku moja. Akiingia uchochoro wetu wa Kiponda, Mwadhini huita, "Similla! Similla!" kwa sauti ile ile aliyotuamshia alfajiri, na mahamali wenye magunia vichwani hujibana ukutani kumpisha, ilhali kwa haki yeye ndiye wa kuwapisha wao. Nilimwuliza siku moja, kengele ya nini basi? Akanambia ilikuja na baiskeli, hakuona sababu ya kuifukuza.

Mimi sina ulimi wa kusifu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba akinisikia namsifu mtu, yeye huuliza maziko lini. Lakini huyu nimekaa naye jirani, dirisha kwa dirisha, miaka ile ya hamsini. Nimemcheka, nimemsengenya, nimegombana naye juu ya maji ya mfereji, na mpaka leo nikimtaja moyo wangu hunyenyekea wenyewe bila ya kuambiwa. Sina neno jengine la kulieleza hilo.

Alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaa, ule usio na mnara. Alipanda darini, akaweka mkono sikioni, na sauti ikatoka kwenye kifua chembamba ambacho ungedhani hakina nafasi ya pumzi mbili. Wageni wa mjini walisimama njiani kumsikiliza. Nyumbani kwake lakini alizungumza chini chini, mpaka mtu asiyemjua angedhani anaumwa koo. Nadhani aliona sauti ile si yake ya kutumia ovyo, isipokuwa kwa similla, na hiyo similla sijui alijipa fatwa gani.

Msidhani alikuwa walii. Punda wa mkokoteni akimzibia njia, Mwadhini alimwambia maneno ambayo mwadhini hatakiwi kuyajua. Chai yangu alikuwa akiinywa akaacha sukari chini ya kikombe, halafu akaikomba kwa kidole, mzee mzima. Na siku ya mpira Mnazi Mmoja, adhana ya alasiri ilikuwa nyepesi nyepesi kidogo. Mtaa mzima tulilijua hilo na hakuna aliyelisema. Mke aliwahi kuwa naye, akaondoka, na hayo hayakunihusu ingawa niliuliza.

Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona kofia za viua. Alifundishwa na mama yake, na alikaa naye mpaka mwisho, wawili tu katika nyumba ile. Tundu moja likenda upande alifumua ua zima, na wewe ukiangalia hulioni hilo tundu. "Mvaaji haoni," nilimwambia. "Mimi nimeshaliona," akasema, akaendelea kufumua.

Huyo mama yake tukimwita Bi Mkubwa. Miguu ilikuwa imemkataa, akawa wa kitandani, lakini ulimi na akili vilikuwa vizima, na mimi mwenye ulimi wangu nilikuwa nikenda kwake kujifunza. Asubuhi mwanawe akitoka, mimi ndiye niliyevuka kwenda kukaa naye. Bibi yule alikuwa na hamu moja duniani, kwenda Makka. Alishona kofia ujana wake wote kwa nia hiyo. Kila akikaribia, huja maradhi ya huyu, maziko ya yule, na nia inarudi nyuma. Mwisho miguu nayo ikasema basi. Mashekhe walimwambia asiye na uwezo hana lawama. Alikuwa akiwaitikia vizuri, wakishatoka ananambia, "Lawama sina, mwanangu. Hamu je, nani ataniondolea?"

Jioni moja mume wangu, aliyekuwa baharia wa meli, alikwenda kumjulia hali. Bi Mkubwa akamwuliza Makka ni mbali kiasi gani. Mume wangu alipenda sana kuulizwa. Akamtajia njia ya meli bandari kwa bandari, Mombasa, Lamu, Mogadishu, kisha Adeni, kisha Bahari ya Sham mpaka Jedda, bandari ya kushukia Makka, na kila kipande maili zake, anazihesabu kwa vidole juu ya godoro. Mwadhini alikuwa pembeni na kofia yake, anasikiliza, sindano imesimama.

Bi Mkubwa akamgeukia mwanawe. Akamwambia, "Wewe si unakwenda Chwaka na baiskeli na kurudi kabla ya adhuhuri?"

"Naam, mama."

"Basi mbona si mbali. Nenda kidogo kidogo. Kila jioni uje unambie tumefika wapi."

Mume wangu akacheka. Mwadhini hakucheka. Alisema, "Mama, hiyo haitokuwa hija."

"Nani kasema hija? Hija ina mahali pake na siku zake. Mimi n'nataka safari tu."

Ndipo ilipokuja haja ya mita ya kuhesabia maili. Nilikuwa Darajani siku ile, kikapu mkononi, nikamwona amesimama kwenye duka la baiskeli, nami nikasogea, maana duka likiwa na Mwadhini ndani haliwezi kukosa kichekesho. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa amemtolea mita namna tatu juu ya kibao. Ya kwanza kubwa kama saa ya ukutani ya kitoto, ya kufungwa kwenye usukani, ina kioo na mshale unaoonyesha mwendo. Ya pili ina tarakimu, na ubavuni kijifunguo. Ukikizungusha, tarakimu zote hurudi sifuri, ukaanza upya. Ya tatu ndogo kuliko kidole gumba. Hukaa chini kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na kipini kilichofungwa kwenye spoki huigonga kila gurudumu likizunguka. Haina mshale wala ufunguo, inajumlisha tu.

Mwenye duka aliipigia debe ile yenye mshale. "Hii ya wakubwa, Mwadhini. Unajua unakwenda mbio vipi."

"Mbio sikuulizwa," akasema Mwadhini. Aliishika, akaipima uzito, akairudisha kwa adabu.

"Basi hii. Kila siku unaanza safari mpya. Ya jana unaifuta."

Hapo alifikiri sana. Alikizungusha kijifunguo, akaziangalia tarakimu zinavyokimbilia sifuri, akazungusha tena. Nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyeonyeshwa jambo la aibu. "Nikichoka siku moja nikakigusa hiki kwa bahati mbaya," alisema, "bibi wa watu atarudi Unguja usiku mmoja, na yeye keshakuwa njiani mwaka mzima. Hapana, bwana. Nipe hiyo isiyosahau."

"Lakini hiyo inapiga kelele. Tik, tik, tik, njia nzima."

"Na mimi kazi yangu nini?"

Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Mimi nilicheka pia, na nilirudi nyumbani nimesahau nilichokwenda kununua.

Basi ikawa hivyo. Akishatuamsha alfajiri kwa sauti yake, hunywa chai, hupandisha kanzu na kuifunga kiunoni kwa mshipi, na huyo anakwenda. Leo njia ya Bububu na Mahonda, kesho Fuoni, siku ya nguvu Chwaka, na mara moja moja, akimwachia mtu adhana ya mchana, alifika Kiwengwa na Matemwe, ambako njia ilikuwa mawe matupu na yeye huibeba baiskeli begani. Maili za begani hazikuhesabika, maana gurudumu halikuzunguka. Alizichukua hivyo hivyo bila ya kulalamika.

Alikuwa na desturi iliyotuchekesha sana. Akifika mwanzo wa uchochoro hushuka, akaliinua gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, akaisukuma baiskeli kwa gurudumu la nyuma peke yake mpaka mlangoni, mita imenyamaza kimya. Nilimwambia anaonekana kama anamwongoza mbuzi aliyekataa kwenda. "Hapa nyumbani," alisema. "Hatua za nyumbani si safari."

Na baada ya magharibi hukaa chini karibu na kitanda. "Tumefika wapi?" "Leo tumeipita Lamu, mama." "Ikoje?" "Lamu sijaiona. Lakini leo Chwaka nimeona pweza kaanikwa, mkubwa, mikono inafika chini." Hakusema kitu asichokiona. Mambo ya Lamu na Adeni alisubiri mume wangu arudi safarini aje ayasimulie yeye, na Bi Mkubwa huyapokea kwa zamu yake, "Ndo nlivyodhani," utadhani alikuwa kaegemea ukingo wa meli.

Mjini maneno hayakosi. Walimwita Haji Baiskeli, na wengine walimwita mbele yake. Alikasirika kweli kweli kwa jina lile. "Msinipe cha watu," alisema. Siku moja wahuni wakamwona ameiegemeza baiskeli nje ya msikiti, wakaigeuza juu chini, wakalizungusha gurudumu la mbele muda wote wa sala, wanapokezana. Alipotoka akaitazama mita, na yeye tarakimu za mwisho huwa nazo kichwani daima. Akajua amefanyiwa nini. Mume wangu akamwambia jambo dogo hilo, lizungushe kinyume mpaka zirudi pale pale.

"Kurudisha kwa mkono na kupeleka kwa mkono ni mamoja," akasema.

Alikigeuza kile kipini kisiiguse mita, akaenda maili zile zote kwa miguu yake, mita imelala, mpaka njia ikalingana na tarakimu. Kisha akakirudisha kipini mahali pake. Nilimwona siku aliyokuwa akikirudisha, amechutama mlangoni, kanzu imejaa vumbi la Mwera. Nilikuwa na neno la kejeli tayari mdomoni, na nililimeza.

Ukapita mwaka na zaidi, maana siku za mvua na za kuuguza hakutoka. Bi Mkubwa akawa anapungua, mkono wake ukiushika unausikia mfupa. Lakini walikuwa wanakaribia, na ukaribu ule ndio uliokuwa ukimlisha, maana uji wangu alikuwa hauli tena. Kukawa kumebaki mwendo wa siku moja kufika Jedda. Aliniomba nimwogeshe, nimfukize udi, nimvishe nguo nyeupe, ili kesho jioni mwanawe akimpa habari imkute ametengenea. Nilifanya yote hayo huku nimegeuza uso ukutani.

Jioni ile ile mume wangu akarudi kutoka safari. Wakakaa barazani yeye na Mwadhini, mimi nyuma ya mlango na kahawa. Mwadhini akamwambia kesho inshallah tunaingia Jedda. Mume wangu akahesabu kwa vidole vyake, kisha vidole vikasimama.

"Mwadhini," akasema. "Zile maili zangu ni za bahari."

"Si maili?"

"Maili. Lakini maili ya bahari ni ndefu kuliko ya bara. Kila sita za kwetu ni kama saba za barabarani. Hiyo mita yako inahesabu za barabarani."

Nadhani hakuna pwani nyengine duniani ambako watu wangefanya kosa lile. Kwetu sisi nusu ya kila nyumba ni bahari na nusu ni bara, na neno ni moja, maili, hakuna anayeuliza ya nani. Kahawa ilipoa mkononi mwa Mwadhini.

Nilitoka nje bila ya kujifunika vizuri. Nikamwambia, "Mwadhini, hakuna kilichoharibika. Mwambie kafika. Mama wa watu keshakwisha, hana siku. Nani atajua?"

Alinitazama bila ya hasira. "Mwanangu," akasema, "ulimi huu unashuhudia juu ya dari kila siku, na watu wanaacha biashara zao kwa kuuamini. Siwezi kuupa kazi mbili."

Nilimchukia saa ile. Nasema kweli, nilimwona mtu mwenye moyo wa jiwe, anayeipenda kweli yake kuliko mama yake. Akaingia ndani, nami nikamfuata, kwa sababu niliona lazima awepo mtu wa kumshika yule bibi mkono.

Alipiga magoti kitandani. Akamweleza kila kitu, maili za bahari na za bara, kwa ile sauti yake ya chini. "Nilikosea hesabu, mama. Jedda si kesho. Tumo ndani ya Bahari ya Sham, na bado kipande kizima."

Chumba kilinuka udi wangu. Bi Mkubwa alifumba macho, na mimi nikasema moyoni, ndo keshamuua. Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nami nlisema," alisema, pumzi haimtoshi, "mbona meli hii ina haraka. Usinishushe kabla ya bandari, mwanangu. Mtu akishushwa majini hufika wapi?" Akanigeukia mimi. "Na wewe nivue hizi nguo nyeupe, zisichafuke. Tutazivaa siku yake."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wale wawili walikuwa safarini kweli. Sisi wengine wote tulikuwa tunatazama mchezo, na wao walikuwa safarini. Nilimvua zile nguo, nikazikunja.

Toka siku hiyo Mwadhini alitoka asubuhi na akatoka tena baada ya alasiri, kofia za watu zikalala hazijashonwa. Alikonda, akawa mweusi wa jua, na magharibi akipanda darini sauti ilianza kukatika katikati. Mimi na Bi Mkubwa tukawa tunangojea tik tik ile iishie mwanzo wa uchochoro, maana ikinyamaza ndiyo tunajua keshaliinua gurudumu na anakuja.

Mume wangu, aliyekuwa anajuta mdomo wake, alimwita kando akamwambia, "Sikiliza. Kwa mwendo uliokubakia, mtu aliyesimama sitahani anaiona milima ya bara ya kule. Nimeiona mimi kwa macho yangu. Akikuuliza mwambie hivyo, si uongo." Mwadhini alimwapisha kwa Mungu, tena mara mbili, ndipo akakubali.

Ilikuwa mchana, adhuhuri haijaingia. Alirudi akamkuta mama yake hali imebadilika, na mimi namsomea. Akamshika mkono. Bi Mkubwa aliuliza kwa midomo tu, sauti haikutoka, lakini sote tulijua swali.

"Milima inaonekana, mama," Mwadhini akasema.

Bi Mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Hakungoja adhana. Adhana ya siku ile aliiadhini Mwadhini mwenyewe, hakumwachia mtu, na mtaa wote walijua kwa kusikia tu kwamba Bi Mkubwa hayupo. Tulimvisha nyeupe nyengine.

Baada ya hitma alitoka na baiskeli, akapotea siku kadhaa, akarudi. Hakuna aliyemwuliza, na hata mimi sikuuliza. Tukadhani sasa ataiuza. Hakuiuza. Aliendelea kutoka asubuhi kama kawaida, siku nyengine hatoki, hana haraka tena. Mtaa ulisema uzee umemwingia kichwani. Sauti ilimwishia, msikiti ukapata kijana mwengine wa kuadhini, mwenye koo zuri na asiyekuwa na kitu chochote cha kusimuliwa. Sisi kwa jina lile la kazi yake hatukuacha kumwita.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ile. Nilikuwa natoka Bububu kwa dada yangu, nimeshuka kwenye gari Malindi, nikamkuta amekaa kwenye ukuta mfupi, baiskeli imeegemea goti lake. Amekuwa mdogo, kanzu inampwaya.

"Shikamoo, Mwadhini."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Na ulimi wangu, ambao haujapata kukaa na kitu, ukauliza. "Hivi wewe bado unakwenda wapi? Si mlifika?"

"Kufika tulifika," akasema. "Zile siku nilizopotea, nilifika. Sasa narudi."

"Unarudi?"

"Umeona wapi mtu kaenda Makka asirudi kwao? Yeye amebaki, na wengi hubaki kule. Lakini mimi nina nyumba." Aliinama akaitazama mita, akaifuta vumbi kwa kidole, kile kile cha sukari. "Zile zile, bahari na bara, safari hii nimezihesabu sawa. Zinatimia leo."

Tukaondoka pamoja, yeye anaisukuma, mimi nyuma kidogo kama inavyopasa. Tulipofika mwanzo wa uchochoro nikasimama kumpa nafasi aliinue gurudumu. Hakuliinua. Aliingia nalo likiwa chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile mita ikalia ndani ya uchochoro wetu, tik, tik, tik, kuta zinairudisha sauti. Madirisha yakafunguka juu. Hakuita similla, na watu walimpisha hivyo hivyo.

Sisi tuna desturi, na kila mtu kwetu anaijua. Anayerudi kutoka Makka huombwa dua kabla hajavuka kizingiti cha nyumba yake, maana akishaingia amekuwa mtu wa nyumbani tena. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mlango.

"Mwadhini," nikamwambia. "Usiingie kwanza. Niombee."

Aligeuka, na nikaona ameumia. "Mimi si haji, mwanangu. Nimewaambia toka zamani."

"Najua. Niombee."

Kisha akaiegemeza baiskeli kiunoni, akafungua viganja vyake, vilivyojaa sugu za usukani, na akaomba kwa kile kijisauti kilichobaki, mpaka nikalazimika kusogea ili nisikie. Niliitikia amin, na juu yetu, kwenye madirisha, nikasikia wenzangu nao wanaitikia.